Sufu Imeharibika: Kosa ni la Mbegu au la Malisho?

Kondoo mwenye sufu mbaya huuzwa haraka kuliko anavyochunguzwa. Mfugaji anaishika sufu, anaona inakatika au imepauka, anaamua kwamba mbegu ni mbovu, na kabla ya msimu ujao dume mpya ameshanunuliwa. Mwaka unaofuata kasoro ile ile inajitokeza kwa watoto wa dume mpya, kwa sababu chanzo kilikuwa malisho, minyoo au mwezi waliozalishwa. Wapo pia wanaofanya kinyume chake: wanamlundikia chakula na chumvi ya madini kondoo ambaye kasoro yake ni ya kurithi, na sufu haibadiliki hata alishwe nini. Hasara zote mbili zinaepukika, maana sufu yenyewe hubeba ushahidi wa kutosha kwa anayejua pa kutazama.

Mwongozo huu unapita dalili moja baada ya nyingine. Nimekaa zaidi kwenye zile zinazowachanganya watu, na nimepita haraka kwenye zile ambazo jibu lake ni fupi.

Maswali ya kwanza, kabla ya dalili yoyote

Anza na idadi. Kasoro ikiwa kwa kundi zima au kwa rika zima, mfano majike wote waliozaa mapacha, shuku mazingira. Ikiwa kwa kondoo wachache waliotawanyika, wote wakiwa watoto wa dume mmoja au mabinti wa jike mmoja, shuku urithi. Ndiyo maana kumbukumbu ya nani kazaa nani ina thamani kuliko dawa nyingi.

Kisha tazama kasoro iko wapi kwenye uzi. Uzi wa sufu huota kutoka kwenye kinyweleo, na sehemu iliyokwisha kutoka nje ya ngozi haibadiliki tena kwa ndani. Kwa hiyo ncha ni ya zamani na shina ni la juzi. Kasoro iliyoonekana kama mkanda, mahali pamoja tu kati ya ncha na shina, ni tukio lililokuja likapita: njaa, homa, kuzaa, kuhamishwa. Kasoro inayoenea kutoka ncha hadi shina, na ikaonekana tena mwaka unaofuata kwa kondoo yule yule, ina uwezekano mkubwa wa kuwa asili yake.

Hapo kwenye neno asili kuna mtego. Kondoo anaweza kuwa na kasoro ya kudumu ambayo hakuirithi na hatawarithisha watoto wake. Vinyweleo vya kondoo ni vya aina mbili. Vile vya msingi huanza kujengeka mimba ikiwa na siku kama 60, na idadi yake huwa imekamilika mimba ikikaribia siku 90. Vile vya upili, ambavyo ndivyo vinavyotoa nyuzi nyembamba na kuufanya mwili kujaa sufu, huanza baada ya hapo na kuendelea kuongezeka hadi karibu na kuzaliwa. Vingi havitoi uzi mpaka mwanakondoo awe na wiki au miezi kadhaa. Merino, mbegu maarufu kwa sufu nyembamba, huwa na vinyweleo vya upili kama 20 au zaidi kwa kila kimoja cha msingi, wakati kondoo wengi wa nyama wenye asili ya Uingereza wana vinne hadi sita hivi. Tofauti hiyo ya mbegu na mbegu ni urithi mtupu. Lakini jike akishinda na njaa katika theluthi ya mwisho ya mimba, au mwanakondoo akikosa maziwa katika wiki zake za kwanza, sehemu ya vinyweleo vya upili haikomai kabisa. Mnyama huyo atatoa sufu chache na nene kidogo maisha yake yote, hata ukimlisha vizuri kuanzia mwaka wa pili. Jeni zake, hata hivyo, ziko salama. Ukimchinja kwa kudhani ni mbegu mbovu, huenda umepoteza mama mzuri.

Kwa hiyo kila kasoro ina makazi matatu yanayowezekana: kwenye jeni, kwenye mazingira ya sasa, au kwenye mazingira ya tumboni na utotoni. Shika hilo unapoendelea kusoma.

Sufu inakatika ukiivuta

Chukua kishungi cha sufu kutoka ubavuni, unene wa penseli. Kikamate ncha kwa mkono mmoja na shina kwa mkono mwingine, kivute kikaze, kisha kipige katikati kwa kidole ukiwa umekisogeza sikioni. Sufu imara hulia kwa mlio mmoja mkavu. Sufu dhaifu hutoa mchakato wa nyuzi zinazopasuka, na ukikaza zaidi inaachana. Maabara hupima nguvu hii kwa nyutoni kwa kiloteksi, yaani nguvu ya kukikata kishungi ikilinganishwa na unene wake, na sufu iliyo chini ya 30 huhesabiwa kuwa dhaifu, kwa sababu hukatika kwenye mashine za kuchana kabla haijasokotwa.

Sasa angalia inaachana wapi. Vishungi vingi vikikatika mahali pamoja, pima kutoka hapo hadi shina. Tuseme sufu ina miezi 12 na kishungi kina urefu wa milimita 96: kwa wastani imekua milimita 8 kwa mwezi. Kama imekatika milimita 24 kutoka shina, tukio lilitokea miezi mitatu hivi kabla ya kunyoa. Fungua daftari uone miezi mitatu nyuma kulikuwa na nini. Hesabu hii ina mwanya wa wiki kadhaa, kwa kuwa sufu haikui kwa kasi moja. Msimu wa majani mengi huikimbiza na kiangazi huichelewesha. Anayetaka uhakika zaidi achore mstari mwembamba wa rangi ya nywele juu ya ngozi, ubavuni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kondoo wachache wa kutazamia. Wakati wa kunyoa mistari itasimama kwenye kishungi kama alama za rula na kuonyesha kila msimu ulichangia urefu kiasi gani.

Ukishapata tarehe, wahusika ni wachache. Homa kali ya siku chache inatosha kubana vinyweleo, na anayeugua sana huweza kumwaga sufu yote wiki kadhaa baadaye. Kuzaa na kunyonyesha hunyonya protini ambayo ingeenda kwenye sufu. Majike wakionyesha mkanda dhaifu na madume hawana, hilo ndilo jibu. Minyoo ya tumbo hufanya kazi hiyo hiyo polepole.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba mvua za kwanza huleta udhaifu sawa na kiangazi chenyewe. Mwishoni mwa ukame uzi huwa umekonda sana. Majani mabichi yakija, uzi hunenepa ndani ya muda mfupi, na pale kwenye sehemu iliyokonda kuliko zote ndipo unapokatikia. Kilichoamua udhaifu ni tofauti kati ya nyembamba na nene. Kondoo aliyelishwa wastani mwaka mzima huwa na sufu imara kuliko aliyefunga kisha akafuturu kwa kushiba mno. Dawa, basi, ni kuanza kuwaongezea chakula kabla hawajakonda, na kuwaingiza kwenye malisho mapya hatua kwa hatua.

Je, urithi una sehemu hapa? Unayo. Kwenye kundi lililopitia ukame mmoja utakuta baadhi wamebaki na sufu imara. Makadirio ya kurithika kwa nguvu ya kishungi huwa kati ya 0.2 na 0.4, yaani sehemu hiyo ya tofauti zinazoonekana kati ya kondoo waliolelewa pamoja inatokana na jeni. Wale ambao nyuzi zao zinalingana unene, ndani ya uzi mmoja na kati ya uzi na uzi, ndio wanaovumilia zaidi. Ila mkanda ukiwa kwa kundi zima, rekebisha malisho kwanza. Uteuzi hautakuokoa na njaa ya mwaka huu.

Sufu imepungua uzito

Hapa usihukumu kabla ya kulinganisha wanaolingana. Jike aliyelea mapacha hawekwi mzani mmoja na jike tasa. Ujauzito na kunyonyesha peke yake huweza kuondoa asilimia 10 hadi 20 ya sufu ya mwaka. Umri nao una kauli yake: uzito wa sufu kwa kawaida hufika kilele kondoo akiwa na miaka mitatu au minne, kisha hushuka. Aliyezaliwa pacha, na aliyezaliwa na mama wa mimba ya kwanza, mara nyingi ana vinyweleo vichache vilivyokomaa kwa sababu nilizozieleza juu. Hakuna hata moja kati ya haya linalosema lolote kuhusu jeni zake.

Halafu pima sufu iliyooshwa, au angalau kadiria uchafu. Sufu mbichi hubeba mafuta, jasho, vumbi na majani, na kondoo wa nyanda kavu anaweza kuonekana mzito kumbe nusu ya mzigo ni mchanga.

Kama kundi zima limeshuka na hakuna mkanda dhaifu, tazama protini. Sufu ni protini iitwayo keratini, na keratini ina salfa nyingi, asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake, inayotoka kwenye asidi amino za aina ya sisteini na methionini. Nyasi zilizokauka zina wanga na nyuzinyuzi lakini asidi hizo ni haba. Mashudu au mikunde bora huinua sufu kuliko kuongeza nyasi kavu ile ile. Upungufu wa kobalti hujificha hapa pia: kondoo anakonda palipo na majani, macho yanatoa machozi, sufu inakuwa chache na kavu, na madaktari hukuta vitamini B12 iko chini.

Wanaofuga mbali na ikweta wakumbuke urefu wa mchana. Mbegu nyingi hupunguza kasi ya sufu siku zinapokuwa fupi, hata zikilishwa sawa, na Merino hupunguza kidogo kuliko wengine. Hiyo nayo ni tofauti ya mbegu, kwa hiyo usimlinganishe Merino na mbegu nyingine kama Romney katikati ya majira ya baridi ukadhani umepima malisho.

Uzi umekuwa mnene

Unene wa uzi hupimwa kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), na ndio sifa inayorithika sana kuliko nyingi za kondoo. Kwa Merino makadirio mengi huangukia kati ya 0.5 na 0.7. Uzito wa sufu uko chini ya hapo, yapata 0.3 hadi 0.5, na uzazi uko karibu na 0.1. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba ukichagua dume kwa unene wa uzi, unaona matokeo. Na ukichagua vibaya, unayaona pia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kundi lina wastani wa mikroni 22. Umenunua dume wa mikroni 20 kutoka kundi lililolelewa katika hali ile ile, na majike hukuwachagua. Dume amepungua kwa mikroni 2, majike kwa 0, wastani wa wazazi ni pungufu ya mikroni 1. Zidisha kwa kurithika kwa 0.5, watoto watakuwa na wastani wa mikroni 21.5. Aliyetarajia watoto wa mikroni 20 kwa uzao mmoja atadhani ametapeliwa, kumbe dume amefanya kazi yake.

Maneno "hali ile ile" yana uzito wote. Dume aliyefugwa kwenye malisho duni ana uzi mwembamba kwa njaa. Mlete kwako, mlishe, na baada ya kunyoa mara moja utamkuta na mikroni mbili au tatu zaidi. Ndiyo sababu ya kumpima dume dhidi ya wenzake aliokua nao, wa umri mmoja, jinsia moja na aina moja ya uzao, na kuuliza amewazidi kwa kiasi gani, badala ya kuamini namba iliyoandikwa kwenye cheti chake. Kinyume chake ni kweli: mwaka wa neema huwanenepesha wote, na mfugaji anayeona kundi limetoka mikroni 20 hadi 21.5 baada ya mvua nzuri hana sababu ya kumuuza kondoo yeyote.

Umri huongeza unene taratibu hadi miaka mitano hivi. Mahali pa kuchukulia sampuli nako kunadanganya, kwani sufu ya paja ni nene kuliko ya bega. Chukua ubavuni, katikati ya mwili, kila mara na kwa kila kondoo. Ikiwa tofauti kati ya bega na paja ni kubwa mno kwa kondoo fulani, hiyo ni kasoro ya kurithi inayostahili kuchujwa, kwa sababu nyuzi zilizozidi mikroni 30 ndizo zinazochoma ngozi ya mvaaji.

Kuna fungamano moja linalowasumbua wateuzi: jeni zinazoongeza uzito wa sufu huelekea kuongeza unene pia, ingawa si kwa nguvu sana. Ukichagua uzito peke yake kwa miaka mingi, uzi utanenepa bila wewe kuomba. Chagua kwa sifa zote mbili pamoja. Wapo kondoo wanaokwenda kinyume na fungamano hilo, wazito wenye uzi mwembamba, na hao ni wa kutunza.

Uzi ukiwa mwembamba ghafla, na kishungi kifupi kuliko kawaida, ni njaa au maradhi. Usisherehekee bei ya mikroni ndogo, kwa sababu nguvu na uzito vimekwenda pamoja nayo.

Mikunjo imepotea na sufu inang'aa kama waya

Sufu bora ina mikunjo, yaani mawimbi madogo yaliyopangika. Yakinyooka, uzi ukawa laini usio na uhai na mng'ao wa chuma, kwanza tazama kondoo weusi kama unao. Kama sufu yao imetoka na mkanda wa kijivu au mweupe, jibu lina uwezekano mkubwa wa kuwa upungufu wa shaba. Madini haya huhitajika kwa kazi mbili: kimeng'enya kinachotengeneza rangi nyeusi, na kufunga viungo vya salfa vinavyoikaza keratini. Rangi huathirika mapema, kabla mikunjo haijapotea, kwa hiyo kondoo mweusi hutoa taarifa kabla ya mweupe. Wanakondoo wanaozaliwa wakiyumba miguu ya nyuma huongeza ushahidi.

Shaba inaweza kuwepo ardhini na bado isimfikie kondoo. Molibdenamu na salfa zikizidi kwenye majani huifunga tumboni, na chuma kingi kutoka kwenye udongo anaoula pamoja na nyasi fupi hufanya vivyo hivyo.

Tafadhali usikimbilie kuwapa shaba kwa kukisia. Kondoo huhifadhi shaba kwenye ini kuliko mifugo mingine, na ikifurika huvunja damu: mkojo unakuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, macho na ufizi njano, kisha kifo. Chumvi ya madini ya ng'ombe au chakula cha nguruwe vimeua kondoo wengi kwa njia hii. Daktari wa mifugo achukue damu, au ini la aliyechinjwa, ndipo kipimo cha shaba kiamuliwe.

Na hapa urithi na mazingira vinashikana kuliko mahali pengine popote katika mada hii. Mbegu zinatofautiana sana katika kunyonya shaba. Texel hukusanya nyingi kuliko Scottish Blackface waliokula chakula kile kile. Kondoo wa North Ronaldsay, kisiwa cha Orkney huko Scotland, wameishi vizazi vingi wakila mwani wa baharini wenye shaba haba, wakawa wepesi mno kuinyonya. Wakiletwa kwenye malisho ya kawaida ya bara huweza kufa kwa sumu ya shaba. Malisho yanayompunguzia mmoja shaba yanamuua mwingine. Kwa hiyo anapokuambia jirani kwamba dozi fulani imemfaa, muulize kwanza anafuga mbegu gani.

Mikunjo ikipotea pamoja na ngozi kuwa nene yenye magamba kuzunguka macho na kwato, na sufu kudondoka, fikiria zinki. Ikiwa mikunjo ni michache kwa kondoo huyo kila mwaka na kwa watoto wake pia, na afya yao ni nzuri, basi ni umbile la kurithi tu, wala si ugonjwa.

Nywele ngumu ndani ya sufu

Zipo nyuzi nene zenye uwazi katikati, na zipo nywele fupi ngumu nyeupe kama chaki ambazo hujing'oa zenyewe. Zote mbili hukataa rangi kiwandani. Kitambaa kikishapakwa rangi huonekana kana kwamba zimesahaulika. Hapa mshukiwa wa kwanza ni jeni.

Chanzo cha kawaida ni damu ya kondoo wa manyoya, kama Dorper au Blackhead Persian, kuingia kwenye kundi la sufu. Uzao wa kwanza hutoa mchanganyiko wa sufu na nywele, na kurudisha usafi huchukua vizazi kadhaa. Nywele hizo hupukutika na kushikamana na sufu ya wengine kwenye zizi au gari, hivyo hata kondoo safi huchafuka. Wanyoe kondoo wa sufu kwanza, na usiwachanganye na wa manyoya miezi ya mwisho kabla ya kunyoa.

Mara nyingine jeni moja tu hubadilisha kila kitu. Francis Dry, aliyefanya utafiti New Zealand kwa kondoo wa Romney, alionyesha kwamba nywele nyingi kwa baadhi yao zilitokana na jeni moja yenye nguvu, iliyoitwa N. Kwa Romney wa sufu ya nguo hiyo ni kasoro. Kwa sufu ya mazulia ikawa hazina, na mbegu ya Drysdale iliyotokana nayo imebeba jina lake.

Mkague mwanakondoo siku za kwanza. Nywele ndefu ngumu zilizosimama juu ya koti lake, hasa mgongoni na kiunoni, huweza kuashiria sufu ya nywele baadaye, ingawa nyingine hupukutika bila kuacha athari. Weka alama, hukumu baada ya kunyoa mara ya kwanza.

Wazazi weupe, mtoto mweusi

Je, jike alitoroka akapandwa na dume mwingine? Hapana, hakutoroka. Kwenye mbegu nyingi za sufu weupe hutawala na weusi hujificha, kwenye eneo la jeni liitwalo agouti. Mzazi mweupe anaweza kubeba nakala moja ya weusi bila kuonyesha. Wabebaji wawili wakipandana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mweusi. Mtoto mweusi akizaliwa, umeshajua jambo la uhakika kuhusu wazazi wote wawili: dume ni mbebaji, na jike ni mbebaji. Ndugu mweupe wa mtoto huyo, wa baba na mama mmoja, ana nafasi mbili kati ya tatu ya kubeba.

Kwa dume unayetaka kumtumia sana, mpandishe kwa majike weusi wa aina hii. Angekuwa mbebaji, nusu ya watoto wangetoka weusi. Wakizaliwa saba na wote ni weupe, uwezekano wa mbebaji kuponea hivyo ni 1 kati ya 128. Kanuni hii haifanyi kazi kwenye mbegu ambazo weusi wake ndio unaotawala, nazo zipo. Huko mtoto mweusi lazima awe na mzazi mweusi.

Sufu ya njano, kijani au yenye ukoko

Njano inayotoka ikioshwa ni mafuta na jasho, isikusumbue. Njano isiyotoka huja joto na unyevu vikikaa pamoja kwenye sufu yenye jasho jingi. Mvua ikilowesha ngozi kwa siku mfululizo, bakteria huzaliana. *Pseudomonas aeruginosa* huacha mkanda wa kijani karibu na ngozi pamoja na utando wa maji yaliyoganda, na harufu yake huwaita inzi. Funza hufuata. Ukoko mgumu ulioinuka na kubeba kishungi juu yake ni ugonjwa mwingine, wa bakteria *Dermatophilus congolensis*, unaoenea kondoo walowevu wakisongamana. Vaa glavu, maana humwambukiza mtu pia. Usiwakusanye wakiwa wamelowa, wala usiwaogeshe kisha ukawabana zizini.

Mvua ni mazingira, lakini nani anaoza na nani anabaki mkavu ni swali la urithi kwa kiasi kizuri. Kondoo waliopangika vishungi, wenye sufu nyeupe na mafuta ya kutosha ukilinganisha na jasho, hustahimili. Mwaka wa mvua nyingi ndio mtihani bora kabisa wa kuchuja: weka alama kwa kila aliyeoza, na usiwabakize watoto wake wa kiume.

Sufu inadondoka au inavutwa

Kondoo anajikuna? Panua sufu sehemu kumi kila upande, shingoni, ubavuni na kiunoni, mchana kwenye mwanga. Chawa *Bovicola ovis* ni mdogo, rangi ya kahawia hafifu, anakimbia mwanga. Magamba yenye majimaji na kondoo anayetafuna mdomo ukimgusa kidonda huashiria upele wa utitiri *Psoroptes ovis*, na huo katika nchi nyingi hutolewa taarifa kwa mamlaka ya mifugo. Tibu kundi zima kwa siku moja. Aliyebaki ndiye atakayewarudishia wote.

Hajikuni ila sufu inamwagika kwa mabaka? Rudi kwenye homa. Kisha uliza wamekula nini. Majani na mbegu changa za lusina (mti wa Leucaena) zina sumu iitwayo mimosini, na kondoo asiyezizoea akizishiba anaweza kubaki uchi ndani ya wiki chache, hali kinyweleo chenyewe kiko hai. Ondoa lusina, au ichanganye kidogo sana na nyasi, na sufu itaota tena. Walionyolewa wakati wa baridi kali nao huweza kupoteza sufu mgongoni kwa msongo; hiyo pia hurudi.

Anayemwaga kila mwaka msimu ule ule, akiwa mnene na mwenye afya, ana jeni za kupukutisha. Kwa mfugaji wa nyama hilo ni jambo jema. Kwa mfugaji wa sufu, msimu huu mnyoe mapema kabla sufu haijajing'oa na kufumana kuwa blanketi, na msimu ujao asiwe mzazi.

Majani, miba na kamba

Hii haina urithi. Mbegu za nyasi zenye ndoano, nyuzi za magunia ya plastiki na kamba za kufungia majani makavu huingia kutoka nje, na huondolewa kwa kufagia sakafu ya kunyolea, kuhamisha hori lisimwage chakula shingoni, na kunyoa kabla nyasi hazijakomaza mbegu.